Baveti gani zitaokoa rangi ya pikapu yangu kwenye mawe ya Goma?

*"Papa fundi, jambo. Mimi ni mama mfanyabiashara wa jibini, nakaa Keshero. Mwaka jana nilinunua Hilux ya kabini mbili, nyeupe, si mpya, nikaipakisha rangi upya. Sasa ni miezi minne tu, na sehemu ya chini ya milango ya mbele imejaa madoa madogo kama ndui. Mbele ya matairi ya nyuma rangi imekwisha kabisa, bati linaanza kuwa jekundu. Kwenye kapo pia kuna vidonda. Naenda Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma, mara tatu kwa juma, na kurudi huwa nimepakia. Kijana wangu aliweka matairi mapana yanayotokeza nje kidogo, anasema ndiyo yanapendeza. Shemeji ananiambia nikate baveti kubwa kwa tairi kuukuu la lori, zifike karibu na ardhi, nizifunge na mnyororo. Fundi mwingine anasema hapana, ninunue za plastiki zilizotengenezwa kwa gari lenyewe, lakini lazima atoboe bati, nami naogopa kutu. Nifuate nani? Unene gani, urefu gani? Na kapo je, baveti zitaisaidia?"*

Mama, jambo, na pole kwa gari. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unachoogopa ni kwamba umelipia rangi, rangi inaondoka, na sasa unataka kulipia baveti kabla hujajua kama zitafaa kitu. (Baveti, kwa wasomaji wa mbali, ni ile mipira inayoning'inia nyuma ya matairi kuzuia tope na mawe; kapo ni boneti, kifuniko cha injini.) Shemeji yako ana haki kidogo, fundi yule ana haki zaidi kidogo, ila wote wawili wameruka swali la kwanza.

Swali la kwanza ni rangi yenyewe. Osha gari, liache likauke, kisha asubuhi jua likiwa bado chini chuchumaa kando ya mlango wa mbele uangalie kidonda kimoja kwa karibu. Kidonda cha jiwe ni kishimo kidogo kama alama ya ncha ya msumari, na kingo zake zimeng'ang'ania bati. Bandika kipande cha skochi (utepe wa gundi) juu yake, ukivute ghafla: hakitoki kitu. Lakini ukiona rangi imebanduka vipande vya ukubwa wa kucha, chini yake ukakuta rangi ya zamani bado inang'aa, na skochi ikaondoka na vipande vingine, basi mawe yanasingiziwa. Aliyepaka hakukwangua rangi ya zamani kwa msasa, au hakutoa mafuta na nta vizuri, akamwaga rangi mpya juu. Rangi ya namna hiyo haijashika popote. Hata ukining'iniza baveti za dhahabu, itaendelea kubanduka. Najua nawachoma wenzangu wa kazi kwa kusema hivi, lakini pikapu nyingi zinazoletwa kwangu kwa malalamiko ya mawe ugonjwa wake ni huu. Ikiwa yako ni hivyo, pesa ya baveti iweke kwanza, rudi kwa aliyekupakia mzungumze.

Kwa maelezo yako, hata hivyo, nadhani wewe una mawe kweli. Madoa kama ndui chini ya milango ya mbele, na bati wazi mbele ya matairi ya nyuma: hiyo ndiyo ramani ya mawe ya matairi yako mwenyewe, siwezi kuikosea.

Ujue kwanza unacholinda kina unene gani. Rangi ya kiwandani, tabaka zote pamoja, kuanzia ile ya kwanza ya kuzuia kutu mpaka verni ya juu, ile angavu inayong'aa, kwa kawaida huwa kati ya mikroni 100 na 150. Milimita moja ina mikroni 1,000. Kwa hiyo kati ya bati lako na Goma yote kuna kitu chenye unene wa karatasi moja ya daftari, au moja na nusu. Rangi ya gereji inaweza kuwa nene zaidi, na watu hufurahi wakisikia hivyo, lakini rangi nene iliyopakwa kwa haraka hupasuka kirahisi kuliko nyembamba iliyokaushwa vizuri.

Na mawe yetu si mawe ya mto. Lava ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ya tarehe 17 Januari 2002 ilifunika karibu asilimia 13 ya mji huu. Tumejenga juu yake, tukaivunja kwa nyundo, tukaimwaga barabarani. Jiwe lake lina vitundu kama mkate, kwa hiyo ni jepesi kuliko unavyolidhania kwa macho na hunyanyuka upesi. Likivunjika linatoa makali. Kokoto ya ufukweni mwa Kivu, iliyosuguliwa na maji miaka mingi, pengine ingegonga mlango wako ikadunda. Kipande cha lava kinakata. Halafu kuna moshi wa milima yetu: Nyiragongo na Nyamulagira hutoa gesi nyingi ya salfa, na mvua inayopita ndani ya moshi huo hushuka na asidi. Mwenye paa la bati upande ule hahitaji kuelezwa. Kwa hiyo kidonda kilichofika kwenye chuma, hapa kwetu hakikai wiki nyingi kabla ya kuwa chekundu.

Sasa jiwe linarukaje? Wengi wanafikiri tairi hupiga jiwe kama mchezaji anavyopiga mpira. Sivyo. Tairi likizunguka bila kuteleza, ile sehemu inayogusa ardhi, kwa kitambo kile inapogusa, imesimama. Jiwe hubanwa kwenye mfereji wa tairi, hunyanyuliwa kidogo, kisha huachiwa. Linapoachiwa halina mbio. Liko hewani tu, chini chini, linapanda polepole. Mwenye mbio ni gari lako. Mlango unakuja nyuma ya tairi kwa kilomita 60 kwa saa na kulikuta jiwe pale pale lilipo. Kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kwa sekunde moja. Mama, jiwe halikufuati. Wewe ndiye unayelifuata.

Ukishaelewa hapo, mambo matatu yanajieleza yenyewe.

La kwanza ni mwendo. Nguvu ya pigo haipandi sawasawa na mwendo, hupanda kwa mraba wake. Ukitoka 40 ukaenda 80, pigo linakuwa mara nne, si mara mbili. Hakuna baveti duniani inayoweza kukupa faida kama ile utakayopata ukimwambia dereva wako asipite 40 pale lami inapokwisha. Na asikanyage mafuta ghafla kwenye kupanda, kwa sababu tairi likiteleza ndipo linaporusha mawe kwelikweli, kama mtu anayechimba.

La pili ni kapo, na hapa nitakuvunja moyo. Baveti zako haziwezi kuisaidia kapo yako hata kidogo, kwa kuwa ziko nyuma ya matairi na kapo iko mbele. Vidonda vya kapo na nyufa za kioo cha mbele vinatokana na mawe yaliyonyanyuliwa na lori lililo mbele yako, nawe ukayafuata kwa mwendo wako mwenyewe. Dawa yake ni kuacha nafasi. Ukiwa unakula vumbi la lori, jua kwamba uko karibu mno. Baveti zako za nyuma zinamsaidia anayekuja nyuma yako. Za yule mwenye lori ndizo zingekusaidia wewe, na malori mengi ya njia ile hayana, au yanazo zimechakaa zimebaki nyuzi.

La tatu ndilo linalowashangaza watu wengi: kwa rangi yako wewe, baveti za mbele ndizo zenye kazi. Matairi ya mbele ndiyo yanayonyanyua mawe, na nyuma yake kuna milango minne, bati la chini ya milango, na upinde wa tairi la nyuma. Matairi ya nyuma yana nini nyuma yake? Kona ya chini ya sehemu ya mizigo na bampa, basi. Lakini nenda mtaa wa Birere uangalie pikapu zinazopita. Utaona baveti kubwa za nyuma, nyekundu, zina maandishi ya Mungu na ya mpira wa miguu, na mbele hakuna kitu. Ni mapambo. Mimi sina ubaya na mapambo, ila usiyalipie ukidhani ni kinga. Kama pesa yako inatosha jozi moja tu leo, funga za mbele.

Tuje kwenye urefu. Urefu wa baveti haupimwi kwa macho, unapimwa kwa kamba. Paki gari mahali tambarare, likiwa na mzigo wa kawaida, usukani umenyooka. Mtu mmoja ashike ncha ya kamba chini, pale tairi la mbele linapoachana na ardhi kwa upande wa nyuma. Wewe ivute kamba ipite kwenye ukingo wa chini wa baveti (au kipande cha katoni ulichokishika mahali baveti itakapokuwa) na uendelee nayo moja kwa moja hadi iguse gari. Kwa masafa mafupi hivi jiwe linakwenda karibu mstari ulionyooka. Sehemu zote zilizo juu ya kamba zimefunikwa. Zilizo chini yake haziko salama.

Nikupe hesabu moja ili usikie ninachosema. Tuseme baveti iko sentimita 37 nyuma ya pale tairi linapoachana na ardhi, na ukingo wake wa chini uko sentimita 18 kutoka chini. Bati la chini ya milango liko, tuseme, sentimita 45 juu. Kamba italigusa karibu sentimita 92 nyuma, yaani katikati ya mlango wa mbele hivi. Kwa hiyo baveti hiyo inafunika vizuri karibu mita moja ya kwanza, ambayo ndiyo hupigwa zaidi. Je, ukitaka ifunike hadi upinde wa tairi la nyuma, mita mbili na nusu nyuma? Baveti ingepaswa kushuka hadi karibu sentimita saba kutoka ardhini. Kwenye njia ya Sake itang'olewa siku ya kwanza, pengine pamoja na bati lililoishikilia.

Ndiyo maana nasema wazo la shemeji la kufika karibu na ardhi linatoka mahali pazuri ila halitekelezeki kwetu. Kwa pikapu inayopita kwenye lava na mashimo, mimi huacha kati ya sentimita 15 na 20 gari likiwa limepakiwa. Narudia: limepakiwa. Resori (springi) za nyuma za Hilux hushuka sana ukiweka mzigo, na baveti ya nyuma iliyopimwa gari likiwa tupu itakuwa inafagia barabara ukirudi na jibini lako.

Ule upinde wa nyuma, basi, tufanyeje? Ukweli ni kwamba hakuna baveti itakayouokoa wote. Pale panahitaji ngozi ya pili. Kuna plastiki angavu ya kubandika, nene kuliko unavyofikiri, ambayo hufyonza pigo. Kipande cha upana wa kiganja kwenye ukingo wa mbele wa upinde kinatosha. Usiibandike juu ya rangi mbichi. Rangi ya gereji iliyokaushwa kwa hewa bila tanuri iachie mwezi mzima kwanza, la sivyo inazuiwa kupumua, kisha inavimba chini ya plastiki. Kwa bati la chini ya milango, kuna rangi nzito yenye mparuzo, laini kama mpira ikikauka, inayopulizwa chini ya magari. Si nzuri kwa macho, lakini pale chini nani anaangalia? Wewe una gari jeupe. Iwekwe kwanza, halafu ipakwe nyeupe juu yake.

Sasa upana, na hapa nazungumza na kijana wako. Baveti lazima ifunike upana wote wa tairi na izidi kidogo upande wa nje, sentimita moja au mbili. Jiwe lililobanwa kwenye ukingo wa tairi halitoki kuelekea nyuma peke yake. Linachomoka pembeni, kama mbegu ya marakuja unayoibana kati ya vidole viwili. Tairi likiwa ndani ya madigadi, jiwe hilo linaishia chini ya gari. Tairi likitokeza nje, linapanda ubavuni moja kwa moja, na hata usukani ukikatwa kidogo tu, mlango unapata mvua ya mawe. Mwambie kijana kwamba tairi pana lenye mifereji mikubwa ya kupitia tope lina kasoro mbili kwa rangi yako: linabeba mawe makubwa zaidi, na linayatoa nje ya kinga. Nadhani theluthi ya tatizo lako ilifika siku ile matairi yale yalipofungwa. Sina mzani wa kuthibitisha hiyo theluthi, ni jicho la miaka mingi. Ukiweza kurudisha matairi ya upana wa kiwandani, rudisha. Usipoweza, usikubali baveti za plastiki za gari lenyewe, kwa sababu zilipimwa kwa matairi membamba na zitaacha ukingo wa nje wazi.

Hapo ndipo uchaguzi wa aina unapoanza kuwa rahisi. Baveti za plastiki ngumu zilizofinyangwa kwa modeli ya gari lako zinakaa vizuri, zinafuata umbo, na mara nyingi zinatumia matundu yaliyopo tayari. Ni fupi, na ni ngumu. Jua letu la mita 1,500 juu ya bahari linaikausha plastiki ya bei ndogo, na baada ya miaka michache inapasuka ikigonga jiwe. Kwa mtu anayezunguka lami ya katikati ya mji, mimi humwambia anunue hizo na aende kwa amani. Kwako wewe wa njia ya Sake, hapana.

Tairi la lori analosema shemeji lina shida nyingine. Likikatwa pale linapogusa barabara, ndani yake kuna nyaya za chuma. Nyaya hizo hutoka pembeni, hushika kutu, na hukwaruza. Tena ni zito: uzito ule ukiruka juu chini kwenye kila shimo, visi (skrubu) zinapanua matundu, bati linachanika. Na mpira wa ndani wa tairi, ule mwembamba ambao wengine hukata, ni kinyume chake. Ukifika kilomita 50 unapepea nyuma kama bendera na jiwe linapita chini yake bila hodi.

Kinachofaa ni kauchu (mpira) ya bapa yenye kitambaa ndani, unene wa milimita 4 hadi 6. Mikanda kuukuu ya kubebea kokoto kwenye mashine za kusaga mawe ni ya aina hiyo, ukipata iliyo nyembamba. Ikunje kwa mkono: ipinde bila kupasuka, kisha irudi yenyewe. Isiporudi, ni laini mno. Isipopindika, ni ngumu mno. Kuna pia zile za poliyurethani za milimita 4 hivi, ambazo watu wa mashindano ya magari huzipenda kwa sababu hujikunja zikigongwa na jiwe kisha hurudi. Ukizikuta kwa bei inayokubalika, hizo ndizo ningefunga kwenye gari la mke wangu. Yeye hana gari, lakini umenielewa.

Mnyororo acha kabisa. Kwenye lori, lenye nafasi kubwa kati ya baveti na bodi, una kazi yake. Kwenye pikapu utapiga rangi usiku na mchana, nawe utakuwa umenunua nyundo ndogo ya kutembea nayo. Baveti ikipepea, dawa ni kauchu ngumu kidogo zaidi, au bapa la aluminiamu lililofungwa juu, upana mzima, ili ishikwe sawasawa badala ya kushikwa na visi mbili za kona.

Nije kwenye hofu yako ya kutoboa. Unaogopa jambo la haki, lakini tundu si adui mkubwa. Adui mkubwa ni mchanga. Kati ya baveti na rangi kuna nafasi ndogo, vumbi la lava linaingia humo, gari linatikisika, na baveti yenyewe inakuwa msasa. Nimefungua baveti nyingi za kiwandani nikakuta chini yake rangi imeliwa hadi bati, mstari ulionyooka kabisa, huku mwenye gari akidhani pale ndipo palipolindwa. Kwa hiyo, kabla ya kufunga, fundi aoshe, akaushe, na abandike ukanda wa plastiki angavu au mpira laini mahali baveti itakapogusa rangi. Na mara mbili kwa mwaka, baveti zilegezwe, pasafishwe kwa maji, pakauke, zirudishwe. Kazi ya nusu saa. Tope lililonaswa pale nyuma hunyonya maji kama sifongo na kukaa mbichi siku nyingi baada ya mvua.

Kuhusu tundu lenyewe: mwombe fundi atafute kwanza matundu ya kiwandani, yale yanayoshika plastiki ya ndani ya madigadi. Yakitosha, hakuna kutoboa. Yasipotosha, atoboe kwenye ukingo wa ndani uliokunjwa, kamwe si usoni. Baada ya kutoboa, kingo za tundu zisafishwe vumbi la chuma, zipakwe rangi ya kwanza yenye zinki, ikauke, kisha visi ya inoksi (chuma kisichoshika kutu) iingie na rondela (washa) ya plastiki chini yake na grisi kidogo. Fundi akikuambia hayo yote hayana haja, mshukuru, chukua ufunguo wako.

Jambo moja ambalo mafundi wengi watanipinga: sipendi bolti nene. Siku moja utarudi kinyumenyume kwenye jiwe, tairi litaibana baveti na kuivuta chini. Kitu fulani lazima kiachie. Nataka iachie visi ndogo, niilipie, si madigadi ikunjuke na kuja na baveti.

Vidonda ulivyonavyo sasa usivingojee baveti. Vile vyeupe au vya kijivu, ambavyo havijafika kwenye chuma, vinaweza kukaa kidogo. Vilivyokuwa vyekundu vishughulikiwe juma hili: oshwa, kaushwa, kutu ikwanguliwe kwa ncha ya msasa laini hadi chuma king'ae, tone la rangi ya kwanza, kisha rangi nyeupe kwa brashi nyembamba, tabaka mbili tatu nyembamba badala ya moja nene, na verni mwishoni. Itaonekana ukikaribia. Bora ionekane hivyo kuliko kutu itembee chini ya rangi ambapo huioni.

Lakini kuna mambo ambayo maandishi haya hayawezi, na lazima gari lionwe na mtu. Bonyeza kwa kidole gumba bati la chini ya milango, kwa urefu wake wote. Likibonyea, au rangi ikiwa imevimba kama lengelenge, kutu inatoka ndani kuja nje, na hapo ni kazi ya kukata na kuchomelea. Lala chini uangalie pia chasi karibu na resori za nyuma. Gari kuukuu lililopakwa rangi mpya wakati mwingine lilipakwa ili mtu asiangalie pale. Ukiona chuma kinatoka maganda maganda kama gome la mti, usibebe mzigo tena kabla halijapimwa.

Na siku ya kufunga baveti za mbele, uwepo mwenyewe. Zikishafungwa, usukani uzungushwe hadi mwisho kulia, kisha kushoto, gari likiwa na mzigo, na mtu aangalie ndani kwa taa: tairi lisiguse baveti, na visi wala bapa visikaribie mpira wa breki unaotembea na gurudumu. Mpira huo ukisuguliwa na ncha ya visi kwa miezi miwili, hutakuwa unaniandikia tena kuhusu rangi. Ukisikia mkwaruzo wowote ukikata kona ya kutoka gereji, simama pale pale, urudi.